Supu Isiyo na Chumvi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku tu wazima, ukiondoa goti la mama, ambalo limeamua kutotupa habari mpya. Wewe na wifi hamjambo? Mtoto ameshaota meno?

Barua yako nimeipata. Unataka nirudi kwa Meneja nikamwombe radhi, kwa kuwa kazi ile ulinitafutia wewe na nimekuaibisha. Kaka, siendi. Nisikilize kwanza, halafu ukasirike ukijua unakasirikia nini.

Kampuni ya ulinzi iliniajiri kupika sufuria mbili: moja ya walinzi, nyingine ya mbwa saba. Mzee wao, Jemedari, amelinda lango la ghala miaka tisa. Mwezi uliopita meno yalimwisha, akaacha kula. Jumatatu Meneja aliniambia kwamba mbwa asiyekula hana kazi, na Ijumaa daktari wa mifugo angekuja na sindano ya kumlaza moja kwa moja.

Nilimpigia simu daktari mwenyewe. Alisema nijaribu supu ya mifupa, ila chumvi, kitunguu maji na kitunguu saumu visikaribie sufuria, maana kitunguu kwa mbwa ni sumu. Muuza nyama alinipa mifupa ya magoti na miguu ya kuku, akauliza kama nimepata mchumba au mgonjwa. Nikamwambia mgonjwa, tena ana mkia.

Jumanne niliichemsha tangu alfajiri hadi alasiri kwa moto mdogo, na siki kijiko kimoja na karoti mbili. Nikaengua povu, nikachuja, nikatupa mifupa yote, kwa sababu ikishapikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Ilipopoa nikaondoa mafuta ya juu. Chini yake ilikuwa imeganda na kutikisika, nikajua imekubali. Jioni ile Jemedari aliinusa, akageuza kichwa. Jumatano alilamba bakuli hadi likasogea. Alhamisi asubuhi alikwenda langoni mwenyewe.

Mchana nilitoka kufuata unga. Sajini, mkuu wa walinzi, akaonja sufuria ya mbwa akidhani ni yao. Akawaambia wenzake kwamba dada wa jikoni amesahau chumvi, maskini, ana mawazo. Akanisaidia: chumvi ya kutosha na vitunguu vinne. Walinzi wakala, wakanisifu, na kwa ukarimu wao wakawamwagia mbwa kilichobaki. Kabla ya jioni mbwa watatu walikuwa wanatapika, Jemedari akiwa mmoja wao.

Meneja aliandika karatasi kwamba supu yangu ndiyo iliyowadhuru. Nikitia sahihi, nabaki kazini, na sindano ya Jemedari iko palepale. Nilisema vitunguu si vyangu. Akajibu kwamba mwenye sufuria ni mpishi. Sajini alikuwa amesimama pale akiangalia viatu vyake. Nikamrudishia Meneja kalamu yake.

Sasa sikia ambalo hukuambiwa. Umeandika kwamba siku ile mbwa alitoroka. Hakutoroka. Ijumaa saa mbili asubuhi nilimfunga kamba, nikatoka naye kwa lango kubwa. Aliyenifungulia ni Sajini. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, yeye hajaniona. Nikamwambia akiulizwa aseme ameniona.

Daktari alimpima siku hiyohiyo, akasema tumbo litapona na sindano haina sababu. Jemedari sasa analala chumbani kwako, kwenye godoro lako. Najua ulikwisha kutangaza kwamba mbwa haingii ndani ya nyumba ya baba. Huyu ameingia. Meneja akimtaka, mwelekeze; nitamfungulia mlango, naye atatoka kama alivyoingia, mikono mitupu.

Mbusu mtoto, na wifi mpe salamu zangu nyingi. Mama naye anakusalimu. Siku mbili za kwanza alikataa hata kumtazama mbwa; sasa ananifukuza jikoni, anasema siengui povu vizuri.

Ni mimi mdogo wako,
mpishi, kwa sasa wa mbwa mmoja.