Binti Amenikataa kwa Ajili ya Gari Lenye Injini ya Watu

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa nimeshika tama, na naomba usinicheke maana nyumbani kwangu siku hizi hakukaliki. Mimi ni fundi wa kushona viti vya magari, na tangu ujana nalipenda gari moja la mbio, la milango miwili, ambalo kampuni iliacha kulitengeneza tukalilia kama tuliofiwa, sasa juzijuzi wakatangaza limefufuka, nikashangilia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini, kumbe limefufuliwa kwa ubia na kampuni nyingine, jina na sura ni vyetu lakini injini, giaboksi na hata vitufe vya redio ni vya hao wabia. Nasema vyetu ingawa sina hata moja, si la zamani wala jipya, nina usukani wake tu nimeutundika sebuleni.

Wapenzi wa gari hili tuna kundi letu la simu, nalo limepasuka, wengine wanasema injini ya wabia ina nguvu kuliko ile ya zamani na gari linakata kona vizuri, wengine tunasema hata likipaa angani si lenyewe, na Kinyozi, rafiki yangu wa miaka, ameniita kisiki kwa kuwa yeye aliwahi kuketi ndani ya jipya kwenye maonyesho, akashuka amehamia upande wa pili. Jumapili wakaja kwangu tumalize ubishi. Binti yetu, ambaye nilimkuta kwa mama yake akiwa bado anatambaa, nikampa jina langu na kumlea mpaka leo anamaliza chuo cha ufundi magari, akaweka chai mezani akasema, "Lakini baba, si linalitunza jina vizuri? Sasa kosa lake nini?"

Mshauri, damu ilinichemka. Nikasimama mbele ya wote nikamwambia, "Huwezi kuokota cha watu ukakipa jina lako ukasema kimezaliwa kwako. Kilichomo ndani ni cha watu na kitabaki cha watu." Wenzangu walipiga makofi, hata Kinyozi. Binti akachukua sinia akatoka, na mke wangu akaniangalia, kisha akamfuata.

Tangu hapo haniiti baba, ananiambia "shikamoo mzee" na kupita, na mahafali yake ni Jumamosi, tena kusimama naye jukwaani kama mzazi amemwomba mjomba wake, wakati mimi ndiye niliyemfundisha kushika spana. Inaniuma sana, silali. Je, nimdai kwanza aniombe radhi, au nimtoe kwenye kundi letu la simu, nililomwingiza mwenyewe, ili ajifunze?

Fundi Viti, Mwenye Msimamo

MSHAURI ANAJIBU

Pole, Fundi Viti. Sasa kaa chini, maana pole zimeishia hapo.

Barua yako nimeirudia nikitafuta mahali ulipotambua ulichokisema, sikupaona. Injini umeieleza, giaboksi umeieleza, mpaka vitufe vya redio. Aliyekuja kwako akitambaa umempitishia katikati ya sentensi, kisha ukaendelea na ubishi. Mkeo alielewa palepale. Mtoto ana jina lako, amezaliwa na mwingine, halafu anakusikia ukiwatangazia wageni kwamba cha watu hakiwi chako hata ukikipa jina. Na wageni wakashangilia. Ndugu yangu, hakununa kwa ajili ya gari.

Naamini hukumkusudia yeye, na naona unavyomlilia. Lakini wewe unatetea ukoo wa gari ambalo hata funguo zake hujazishika, na ukoo wako mwenyewe unauvunja kwenye chai. Unaudharau ubia? Ubaba wako umeupataje, kama si kwa ubia na mama yake?

Sasa sikiliza. Kumdai radhi, sahau. Zima simu leo, umfuate alipo, usimwite sebuleni kama mshtakiwa. Usitaje kona wala nguvu za farasi. Mwambie, "Mwanangu, nilisema neno baya, na si kweli." Halafu funga mdomo, hata akikaa kimya. Kwa kuwa ulimkana mbele ya watu, mkiri mbele ya watu: waandikie kundi zima kwamba yule ni binti yako na ulikosea. Watakutania wiki nzima, stahimili. Jukwaa usililie, mjomba ameshaombwa, mwache asimame kwa heshima zake. Wewe nenda ukakae popote penye nafasi, ili akitazama watu akuone.

Na akikuuliza kama gari jipya sasa umelikubali, mwambie ukweli, kwamba hujalikubali. Yeye hakuwahi kukuomba ulipende gari.