Marufuku Kuniita Mjomba

Dada mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mguu uliokuwa ukikusumbua umepoa. Mimi ukiniuliza hali nitakwambia njema, maana ndivyo tulivyofundishwa kujibu, lakini usiniamini.

Uliniuliza kwa simu ni mwamuzi gani kipofu aliyemwacha mwanao akavunjwa kiwiko kwenye mashindano ya judo. Ukamlaani, nami nikaitikia. Sasa nisikilize.

Kazi hii yangu ya uamuzi ni ya lawama tupu. Ukisimamisha pambano mapema, umehongwa, ukichelewa, muuaji. Mwenzangu aliyepangwa siku ile hakutokea. Mashabiki walishampasulia kioo cha gari, na mkewe akamwambia achague, uamuzi au ndoa. Waandaaji wakaniambia nishike nafasi yake. Nikasema anayepigana ni mpwa wangu. Wakasema hakuna mwingine.

Basi minong'ono ikaanza ukumbini: leo mjomba atambeba. Hasira zikanipanda. Nikamwita mwanao pembeni, nikamwonya kwamba juu ya mkeka mimi si mjomba wake, na akiniita hivyo nitajifanya kiziwi. Akacheka, akasema sawa, mheshimiwa.

Kwenye judo, anayekubali kushindwa hupiga mkeka kwa kiganja, au hutamka "basi", nami nasimamisha papo hapo. Mpinzani alimlaza chini, akamvuta mkono wa kulia, ule wa kuongozea kitambaa kwenye cherehani, akaubana katikati ya mapaja. Mkono wa pili ulikuwa umelaliwa, hakuweza kupiga mkeka. Akaita, "Mjomba!"

Nilisikia, dada. Nilisikia vizuri kabisa. Nikadhani anaomba upendeleo mbele za watu, nikajikausha. Akaita tena. Kisha kiwiko kikalia.

Daktari anasema mkono hautanyooka tena. Cherehani ameifunika shuka. Nilipomwangukia miguuni kuomba radhi, aligeukia ukutani, akasema, "Sikutaka unibebe. Nilikuwa nimeshindwa. 'Mjomba' ndilo neno lililonijia."

Yeye alikuficha kwa kunistahi, mimi nikanyamaza kwa woga. Laana yako ilimfika mwenyewe, na sikuombi uiondoe. Njoo umchukue hapa kwangu, begi lake liko mlangoni, na mimi hataki nimbebee.

Nisalimie shemeji, kama atapokea salamu zangu.

Mdogo wako, yule kipofu.