Mstari wa Gasper

Clementi, Gasper hana cheti, hana miwani, hana hata meno ya mbele. Leo ndiye mhudumu wa afya wa Nyamuswa!

Wale wa shirika kutoka Bunda walisema kila mtu asimame nyuma ya anayemwamini kumfikisha kliniki. Rafiki yako huyu anayekuandikia, mwenye vyeti vya shule ya usiku, akasimama kifua mbele.

Nyangi, mke wake wa ndoa, akatoka nyuma yake, akahamia kwa Gasper.

Mke wake, Clementi!

"Baba Ghati," akamwambia mumewe, "wewe unatusomeaga vipeperushi. Gasper anatusindikizaga mpaka kwa nesi."

Watu wakacheka.

Rafiki yako ameliandikia shirika barua ya kupinga. Ameigandisha bahasha kwa ugali, mara mbili, maana anayeipeleka Bunda ni Gasper, kwa baiskeli mpya aliyopewa na shirika. Ameshaondoka nayo.