Alama Mbili za Hooyo

Ijumaa, 2 Mei

Nimekata nyama ya nyirinyiri tangu asubuhi, vipande vya kukaanga na kuhifadhi kwenye samli. Mikono inanuka samli. Lori la kwenda kambini linapita Jumatatu, na Bishar alishaniambia mkebe usipojaa nisimpigie simu. Mume gani huyu, yuko vitani Somalia na anawaza tumbo. Hooyo, mama yake, amekaa kando akikosoa. Vipande vikubwa, samli kidogo. Nusura nimwachie kisu akate mwenyewe. Bishar hakupiga simu leo. Mvua ikinyesha hapa Kotile mtandao unakufa. Basi.

Jumapili, 4 Mei

Hajapiga. Redio imesema kambi moja ng'ambo ya mpaka imeshambuliwa. Majina hawakutaja. Hooyo ameizima. Akaanza tena kunisimulia alivyomtibu Bishar kwa moto akiwa mchanga, macho yamegeuka manjano. Kijiti kimoja cha moto, alama mbili chini ya titi la kushoto. Kama sijui! Nimelala kwenye kifua hicho miaka sita. Nilimwacha asimulie.

Jumatatu, 5 Mei

Chifu amekuja na wanajeshi wawili. Wamevua kofia mlangoni. Wamekataa chai. Nikajua.

Bishar amekufa. Nimeliandika na bado siliamini.

Jumanne, 6 Mei

Nimevaa nyeupe. Eda. Wanawake wamejaa nyumbani, kila mmoja ananihubiria subira. Nawachukia wote. Jirani akauliza eti alikwenda kutafuta nini huko, kupigana na watu wa lugha yake. Hooyo akamjibu, "Alikwenda kazini."

Jumatano, 7 Mei

Wamemleta kwa ndege, barabara ni tope tupu. Sanduku limepigwa misumari, bendera juu. Afisa akasema lisifunguliwe. Sheikh akasema hapa kwetu mtu hazikwi na sanduku, anawekwa udongoni kwa sanda yake. Walibishana uani mpaka adhuhuri.

Hooyo hakutaka mengi. Alitaka kuziona alama zake, aamini kwamba ni mwanawe. Sisi wanawake hatuendi makaburini. Asipomwona uani, hamwoni tena. Afisa akalegea kidogo tu: sanduku lifunguliwe msikitini, mbele ya sheikh na mwanamume mmoja wa nyumbani. Akaingia Abdi, mdogo wake Bishar, aliyelelewa kwa shangazi yao Garissa mjini.

Walirudi kutoka mazikoni alasiri. Kanzu ya Abdi imejaa udongo. Hooyo akamshika mkono.

"Umeziona alama zangu kifuani? Zote tatu?"

"Nimeziona, hooyo. Zote tatu. Yuko kama amelala."

"Alhamdulillahi," akasema. Akampa maji.

Tatu.

Alhamisi, 8 Mei

Sikulala. Labda Hooyo amechanganyikiwa, msiba huo. Lakini Abdi? Aliona nini ndani ya sanduku lile? Hali chakula. Anatapika nyuma ya zizi na kudhani hatusikii. Nimemwendea nimuulize, nikaishia kumuuliza kama anataka chai. Nataka kujua na sitaki. Nina hasira na Abdi, na afisa, na Bishar kuliko wote. Nani alimwambia afe.

Ijumaa, 16 Mei

Abdi amerudi Garissa. Amekonda. Ameniaga bila kunitazama usoni. Hooyo alimsindikiza hadi barabarani, akamwombea dua ndefu mpaka dereva akapiga honi.

Nimelia leo kutwa. Sina la kuandika.

Jumamosi, 28 Juni

Mvua zimekatika. Nimefungua ule mkebe. Nyirinyiri haijaharibika. Hooyo ameonja, akasema samli ilikuwa kidogo, nilikwambia. Tukala.

Kisha akasema, "Nilimchoma mara mbili tu."

Nikamwambia najua.

"Abdi asijue kwamba tunajua. Aliyoyaona ameyabeba peke yake, maskini, ili mimi nilale."

Akaosha mikono. Akaongeza samli kwenye mkebe, akaufunga vizuri kwa kitambaa. Kesho kuna gari la Garissa. Amesema tumpelekee Abdi, huko mjini nani anampikia.