Dubu Kwenye Mti wa Salma

Walthamstow, London

Mama yangu, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Na sukari imeshuka, au bado unakula halua kwa kujificha? Sisi huku wazima wa mwili, ila moyo wangu haukai. Nimeandika ili Asha akusomee, maana kwenye simu nitalia tu na hutapata neno. Asha mdogo wangu, usiruke mstari.

Ni mjukuu wako Salma. Kule Japani anakosomesha Kiingereza, kwenye kamji ka milimani, dubu weusi wameanza kuteremka mpaka majumbani. Watoto wanakwenda skuli na kengele kwenye mikoba ili dubu asikie watu, aondoke. Akionekana, spika za mji zinatangaza. Mimi huku usingizi sina. Juzi treni imenipitiliza vituo vitatu nikitazama video za dubu, nikachelewa kazini kwa mgonjwa ninayemtunza.

Sasa sikiliza. Uani kwa Salma pana mti wa matunda mekundu kama tungule, matamu mno, na dubu anayapenda. Jirani yake alimwambia ayachume yote, asibakishe hata moja. Salma akachuma, akagawia watu, ya juu akayaacha. Jumamosi asubuhi kufungua dirisha la jikoni, dubu yuko mtini anakula! Alilifunga taratibu, akajifungia chooni mpaka watu wa mji walipokuja na fataki kumfukuza.

Nikamfokea, "Kwa nini hukuyamaliza?"

Unamjua, siku zote hunijibu kwa Kiingereza. Safari hii kasema Kiswahili: "Bibi kasema mti haukombwi. Ya juu ni ya ndege."

Sikulaumu, Mama. Ulitufunza hivyo sote kwenye mpera wa nyuma, na mimi nikamfunza yeye. Lakini kule si kwetu Wete, na matunda mengine bado yapo juu. Nimemwambia aite watu wayaangushe, anasema, "Mum, nitamuuliza Bibi kwanza." Mimi niliyemzaa maneno yangu upepo, yako sheria. Naogopa, Mama. Naogopa hasa.

Nisalimie mume wa Asha, na shangazi anayekukanda goti, na jirani yetu mshona kanzu. Lakini salamu zingoje. Asha akimaliza tu kusoma, mpigie Salma. Mwambie Bibi kasema mti ukombwe, na ndege wa huko wakale kwengine.

Mwanao,
Maryam