Mfaransa Wetu Kafa Mbele Yangu

Da Zuhura,

Hujambo wewe na magoti yako? Unamkumbuka yule Mfaransa wa sinema, mwenye macho ya usingizi, tuliyempenda enzi za usichana wetu? Yuko hai! Mzee, kipara, anaigiza jukwaani hapa London. Jana mwanangu Salma kanipeleka, tumekaa mbele kabisa. Katikati ya mchezo Mfaransa wetu akashika kifua, akaanguka pu! Nikainuka na koti langu la baridi, nikaangua kilio: "Innalillahi! Kafa, jamani, muiteni daktari!"

Salma akanivuta. "Mama, keti, anaigiza!"

Maiti akafumbua jicho moja, akanitazama.

Mchezo ulipokwisha akatungoja mlangoni, Salma akatafsiri: "Bibi, maisha yangu yote nikifa watu hunipigia makofi. Wewe ndiye wa kwanza kunililia."

Nikamwambia wa kwanza si mimi. Siku alipopigwa risasi kwenye filamu, dada yangu Unguja alilia mpaka chakula kikamshinda.

Akavua kofia, akauliza jina lako. Kalitamka taratibu, Da Zuhura, kama mtu anayelihifadhi.

Nakubusu macho. Kadi hii usimsomee shemeji.

Mdogo wako,
Mwanaidi