Ratili Tano Zilizogoma

Juan Díaz, Panama
11 Aprili 1983

Kwako Dada Nidia,

Salamu zikukute hapo Pesé, na najua zitakukuta jikoni. Shemeji hajambo? Watoto je? Na yule mbuzi mwenye jicho moja bado anatafuna nguo za majirani? Mimi bukheri wa afya, tena nimezidi kupendeza, ila hilo utalisikia kwa wengine.

Dada, mambo yangu huku moto. Katika vijana wote wa chuo hiki cha wapanda farasi, hakuna anayekaa mgongoni kama mdogo wako. Don Arquímedes, mwalimu wetu, hasifu mtu, lakini juzi alinitazama nikikata kona na Malcriada, akatema mate kando. Rafiki yangu Rutilio anasema ile ilikuwa dharau. Mimi nasema alitema wivu. Malcriada ni farasi jike ninayemlisha na kumsugua kila alfajiri. Jina lake ndilo tabia yake: adabu hana, anauma kila mtu isipokuwa mimi. Jumapili ya tarehe tano Juni anakimbia, na mwenye farasi amekubali nimpande. Nikimpanda siku hiyo napewa leseni. Nisipompanda, muhula umekwisha na mimi nimekwisha.

Kuna kitu kimoja tu, kidogo. Siku hiyo lazima niwe ratili mia na sita. Nilikuja hapa na mia na ishirini, nikazitupa kama mtu anayevua shati. Halafu tangu Kanivali nimefika mia na kumi na moja na mizani imegoma. Nakula yai moja na nusu chungwa. Nakimbia jua la saa sita nimevaa mifuko ya nailoni. Napanda juu: mia na kumi na moja. Nikamwambia mzee wa mizani chombo chake kibovu. Akapanda yeye, akampandisha Rutilio, akapandisha gunia la shayiri. Wote sawasawa. Akaniambia, "Kijana, kibovu ni wewe."

Usimwambie mtu. Nimeshawaagiza watu wote wa Pesé wasikilize redio siku hiyo.

Mdogo wako,
Eliécer


Pesé
24 Aprili 1983

Kwako mdogo wangu Eliécer,

Hapa hatujambo, isipokuwa shemeji yako amejikata mkono kwenye miwa, na unapona. Watoto wazima. Mbuzi mzima kuliko wote.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili sikucheka. Yai moja na nusu chungwa si chakula cha mtu anayeamka alfajiri kupigana na mnyama. Nijibu maswali mawili, tena kwa ukweli, usinijibu kwa mdomo wako ule. Maji unakunywa? Na ile suruali ya kijivu niliyokushonea ulipoondoka, sasa inakufika wapi mguuni?

Mama alipokufa aliniachia wewe, hujafika hata kiunoni kwangu. Sijakulea kwa wali wa mbaazi miaka yote hiyo ili uje uniambie unaishi kwa chungwa.

Dada yako,
Nidia


Juan Díaz
9 Mei 1983

Kwako Dada Nidia,

Pokea salamu, mpe pole shemeji, mwambie miwa haijawahi kuniuma mimi. Afya yangu nzuri, usiwe na shaka.

Umeniuliza mambo ya suruali kama fundi cherehani. Imeruka juu kidogo, ndiyo, inafika hapa kati ya kifundo na goti. Mwenye nyumba wangu anafua kwa sabuni kali, inakula vitambaa. Na maji, dada, wapanda farasi hatunywi. Tunasukutua, tunatema. Ukimeza umejibebesha.

Sasa nikupe siri ya kazi. Nyuma ya mabanda kuna kilima cha samadi, ndani kinachemka chenyewe. Rutilio na wenzake walinivingirisha blanketi mbili, wakanizika humo, nikabaki kichwa tu kama kabichi. Nzi walinipigia muziki. Vijana wakaketi kando wakicheza karata na kuniuliza, "Don Samadi, umeiva?" Nikasema bado. Nilipotolewa sikuweza kusimama, wakanibeba mpaka kwenye mizani. Mia na nane, dada. Nikacheka mpaka nikatapika.

Jioni nikanywa vijiko vitatu vya supu, vitatu tu. Kesho yake mia na kumi na moja.

Sielewi. Nakupa wewe peke yako neno hilo. Mtu anapunguza, anapunguza, halafu kuna kitu kinamrudishia akiwa amelala. Rutilio anakula ndizi za kukaanga mbele yangu, na hazidi hata unyoya. Nikimpata anayenifanyia hivi nitampanda yeye badala ya farasi.

Mdogo wako,
Eliécer


Pesé
18 Mei 1983

Kwako Eliécer,

Sisi wazima. Wewe si mzima, kwa hiyo sikuulizi.

Sabuni haina kosa. Wewe ndiye umerefuka. Una miaka kumi na sita, na baba yetu alirefuka mpaka siku ya harusi yake, akaoa na mikono imetoka nje ya koti. Watu hapa wanakumbuka bado. Nyama unayoitoa kwa njaa, mfupa unaijazia. Hakuna mtu anayekurudishia ratili zako, ni mwili wako unajenga mwanamume, na wewe unaunyima matofali.

Nenda kwa don Arquímedes umwambie hivyo. Kilima cha samadi usikiguse tena. Usipomwambia, nitamwandikia mimi. Najua utasema sijui mambo ya farasi. Kweli siyajui. Nakujua wewe.

Dada yako


Juan Díaz
30 Mei 1983

Dada,

Mimi mzima. Usitazame mwandiko, meza inayumba.

Usimwandikie. Nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kuomba. Ukimwandikia atanipima urefu ukutani mbele ya wote, na mchezo utakuwa umekwisha. Hapa mtu akirefuka hawasemi kitu, wanampa sanduku lake arudi kwao.

Nipo mia na tisa. Zimebaki tatu, na hizo nitaziacha kwenye samadi Jumamosi. Mkojo wangu umekuwa rangi ya kahawa, Rutilio anauliza kama naweka sukari. Ni siku moja tu, dada. Nikishaipata leseni nitakula mpaka mbuzi wako aogope.

Unasema mfupa. Basi niambie, nisipokuwa mpanda farasi mimi nani? Mkata miwa mwingine mwenye maneno mengi. Huku nikipita, watu wanageuka.

Sikiliza redio.

Eliécer


Pesé
6 Juni 1983

Kwako mdogo wangu,

Jana tulijaa dukani kwa Chichí, watu mpaka barabarani. Shemeji yako alivaa shati la kanisani. Mtangazaji akasoma majina. Alipofika namba nne akasema: Malcriada, mpandaji amebadilishwa. Akasema jina la Rutilio. La kwako hakulitaja.

Hata wale wanaokucheka siku zote walitazama chini. Nilitoka, sikusikia mbio. Nimepiga simu kwa mwenye nyumba wako tangu jana kutoka posta, inaita tu.

Andika. Hata neno moja. Sitakugombeza. Isipofika barua, Ijumaa ya wiki ijayo napanda basi.

Dada yako,
Nidia


Juan Díaz
13 Juni 1983

Kwako Dada Nidia,

Salamu kwako, kwa shemeji, kwa watoto. Mimi sijambo kidogo. Naandika "kidogo" kwa sababu ndivyo ilivyo.

Barua yako imefika. Basi lipande hata hivyo.

Jumamosi walinizika mara mbili. Jumapili asubuhi nikapanda mizani uchi: mia na sita kamili. Mzee wa mizani akaandika bila kunitazama. Nikavaa shati la njano la mbio. Don Arquímedes akanirusha mgongoni kwa Malcriada, akanipa hatamu, na vidole vyangu havikufunga. Nikavitazama kama vya mtu mwingine. Malcriada akatikisa kichwa, hatamu zikanitoka. Nikacheka, nikajifanya natania. Don hakucheka.

"Unaweza kumshika?"

Nikafungua mdomo kusema lile ninalosema siku zote. Halafu nikawaona wale vijana wengine wakizunguka na farasi wao, wote wako karibu karibu, na mimi niko katikati na mnyama nisiyeweza kumshika.

"Siwezi, don."

Akanishusha kama mtoto. Akaniambia, "Shati mpe Rutilio. Nenda kanywe maji." Baadaye amesema wanaokimbiza farasi asubuhi mazoezini hawapimwi, nikitaka kazi hiyo ipo. Bado sijamjibu.

Lakini maji sikunywa, dada. Nikajiambia, mia na sita ninazo tayari. Nikikaa hivi hivi bila kumeza kitu mpaka Jumapili ijayo, watanipa tena. Niliona ni hesabu nzuri kabisa. Nikaenda uzioni, midomo imepasuka, na nikamwombea Malcriada ashindwe. Alipokata kona ya mwisho nikasikia mtu anamlilia akimbie, sauti kama mlango wenye kutu. Kumbe ni mimi. Akawa wa pili, amepitwa kwa kichwa tu.

Rutilio akateremka uso mzima udongo, akanipa hatamu. "Angekuwa na wewe angeshinda," akasema. Mwongo yule ananizidi hata mimi.

Kumpoza ni kazi yangu. Farasi akitoka mbioni hapewi maji yote kwa mara moja, yatamuua. Unampa mafunda machache, unamtembeza, unampa tena. Nikamshikia ndoo. Nikasikia maji yakishuka kooni mwake, funda moja moja, kama mtu anayegonga mlango. Nikaiweka ndoo chini. Nikapiga magoti nikatia uso wote humo, yeye upande wake, mimi upande wangu.

Mzee wa mizani alikuwa anapita na funguo zake. Akasimama.

"Taratibu, kijana," akasema. "Mafunda machache, kisha tembea."

Nikasimama, nikamshika Malcriada, tukazunguka banda. Kisha tukarudi kwenye ndoo.

Mdogo wako,
Eliécer